Mama Anajibu kwa Niaba Yangu

Sfax, Alhamisi

Mama mdogo Selma,

Pilipili za mwaka huu zimejaa paani na zinakauka vizuri. Mama ananipimia kuskusi kwa kikombe, hata mbele ya wageni. Ufunguo wa chumba changu anakaa nao yeye tangu siku ile nilipozimia.

Jana tulikwenda kliniki. Daktari alisema mkojo wangu una protini, kwamba sukari imeanza kunila figo. Kisha akanigeukia.

"Emna, usingizi unaupata? Moyo ukoje?"

"Analala kama mtoto," mama akajibu.

"Nimemuuliza yeye, mama. Kwa wenye kisukari, huzuni na figo mara nyingi huenda pamoja."

"Huzuni ya nini? Shahada anayo, chakula anapewa mkononi. Huyu anadeka tu."

Mama akacheka, nami nikacheka pamoja naye. Daktari akaandika kwamba niko sawa.

Siko sawa. Tangu Ramadhani sindano nyingi za insulini sijichomi. Mama akigeuka, dawa naimwaga kwenye sinki. Sitaki kufa. Naishika tu ile sindano, nakosa sababu ya kuitumia. Hili sijamwambia mtu mwingine.

Jumatano ijayo tunarudi, na mama hakubali niingie peke yangu. Njoo, nakuomba. Mkalishe kwenye benchi la nje, umpe habari zote za huko kwenu Gafsa, na akitaka kuinuka mshike mkono mpaka nimalize kusema.

Mwanao,
Emna