Moteri Inayozunguka Kushoto

Jumatatu, 24 Aprili 1972
Moteri mpya ya Mzee Abdulhamid imefika kutoka Bujumbura. Inang'aa! Ile ya zamani ilikufa wiki ya Pasaka, na tangu hapo nusu ya Rumonge, mji wetu huu wa ziwani hapa Burundi, inakamua mawese kwa mikono. Mzee aliita majirani waje waone. Mimi fundi wake nikaleta kinu cha Bi Biasha nikifunge – hakifungi. Kikamulio – hakifungi. Pampu – vilevile! Moteri ya zamani ilikuwa na matundu manne pale inapokamata chombo. Hii ina matatu. Miaka yote nimewatengenezea watu vyombo, Kizuka mpaka Kigwena, vyote kwa kipimo kile kimoja. Huko kiwandani wamebadilisha tu, hawakuuliza mutu.
Mzee aliinama akahesabu matundu mwenyewe. Kisha: "Cikuru, sasa tunafanyaje?"

Jumanne, 25 Aprili
Marguerite, mke wangu, anasema nitoboe vyombo upya. Vyombo vya pwani nzima? Hapana. Nitaweka sahani ya chuma katikati. Upande mmoja matundu matatu kwa moteri, upande wa pili manne kwa vyombo vya zamani. Hakuna atakayeguswa chombo chake. Nimekata chuma kutoka lori bovu. Mikono imechubuka. Iko sawa.

Jumatano, 26 Aprili
Mungu wangu.
Sahani ilikaa vizuri ajabu. Swedi, anayelisha kikamulio, akamimina chikichi za moto. Nikawasha. Badala ya kusukuma mbele, kikamulio kikarudisha nyuma! Uji wote wa chikichi uliruka ukamwagikia mkono wake, mpaka begani. Alilia sauti ambayo sijaisikia kwa mutu mzima.
Matundu niliyapima. Upande wa kuzunguka sikuutazama. Moteri ya zamani ilizunguka kulia, hii inazunguka kushoto! Nani angefikiri? Mimi. Mimi ndiye ningefikiri.
Swedi iko dispanseri. Ngozi imetoka.

Ijumaa, 28 Aprili
Nimepata – mkanda! Ukizungusha mkanda kwenye magurudumu mawili, ukaupishanisha katikati kama namba nane, gurudumu la pili linageuza upande. Kinu cha Bi Biasha kimesaga. Kikamulio kimekamua. Watu wa Kizuka wamekuja na vyombo vyao vya zamani, vyote vimekubali, hata kile chenye kutu cha babu mmoja. Bi Biasha alipiga vigelegele mpaka akakohoa.
Swedi alikuja, mkono umefungwa bendeji. Akasema, "Fundi, acha uso wa matanga, mimi sijafa." Wote wakacheka. Mimi pia.

Jumapili, 30 Aprili
Sijui naandikaje.
Jana jioni tulisikia milio kama ya fataki. Tulidhani ni harusi. Kisha kelele, kisha moshi upande wa soko. Watu wenye mapanga wameingia mjini. Wameua. Nani hao? Kila mutu ana jina lake la kutaja. Mimi na Marguerite tulijificha kwenye mihogo.
Leo asubuhi tumemkuta Swedi barabarani. Nilimtambua kwa bendeji. Bendeji ilikuwa bado safi. Mengine sitaandika.
Jirani anasema kuna Wakongomani kati ya wale wauaji. Alisema akitazama ukuta, si sisi. Sisi ni Wakongomani, ndiyo, lakini tumetoka Uvira kabla ya uhuru wa nchi hii! Mtoto wake wa mwisho alizaliwa mikononi mwa Marguerite! Anasema pia askari wako njiani kutoka Bujumbura. Sikumuuliza wanamtafuta nani.

Jumatatu, 1 Mei
Mzee alitufuata kwenye mihogo, tulikorudi kulala. Boti yake, ile ambayo moteri yake ilikufa mwaka jana, iko kwenye matete karibu na Kigwena. Alisema tuipeleke moteri mpya, twende Kigoma, upande wa Tanzania. Tuliisukuma kwa mukokoteni katikati ya michikichi, tumeifunika majani. Tulikuta boti imeshajaa watu wanaokimbia kama sisi.
Mhimili wa boti nilitengeneza mimi zamani, matundu manne. Sahani yangu ilikubali mara moja. Karibu nilie. Lakini mkanda hauna nafasi humo ndani. Nikawasha hivyo hivyo – boti ikarudi nyuma! Nikazima, nikayatoa mapanga yanayosukuma maji, nikayageuza. Bado inarudi nyuma. (Mapanga! Hata neno hili limeniharibikia.)
Mzee akashika ndevu. "Basi, twende kinyumenyume."
Kinyumenyume mpaka Kigoma! Hakuna aliyecheka. Watu waligeuka tu pale walipokaa.
Ndipo mwanaume mmoja nisiyemjua akasimama. Mukongomani hapandi, akasema. Tukikutana na askari ziwani, watatumaliza sote kwa ajili yake.
"Huyu ni fundi wangu," Mzee akasema. "Moteri ikizima katikati ya maji, utaiwasha wewe?"
"Atuonyeshe hapa hapa, tutaiwasha wenyewe," yule akajibu.
Nilingoja wengine wamkatalie. Hawa ni watu wangu! Wa Kizuka wamo humo, wale wa Ijumaa. Wametazama maji. Bi Biasha alivuta kikapu chake, akamwambia Marguerite, "Njoo, mwanangu, ukae hapa." Ni nafasi ya mutu mmoja.
Marguerite ameshika ukingo wa boti, mguu mmoja majini, mwingine ndani. Anasema hapandi bila mimi. Mzee bado anabishana nao, sauti imeanza kumkauka. Mimi nimekaa mchangani, naandika ili nisisikie.
Sasa milio ya bunduki tena, upande wa barabara kubwa. Karibu kuliko juzi.
Mzee ananiita. Hasemi "panda." Anasema, "Cikuru, njoo uwaonyeshe inavyowashwa."
Marguerite ananitazama, anatikisa kichwa. Nisiwaonyeshe: wakishajua, wataniacha.
Nimesimama. Nikiwaonyesha –