C Yangu Haikuwa C

Jumamosi jioni, wiki ya pili ya likizo. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa baridi unaoleta vumbi mpaka katikati ya kurasa za kitabu, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Kuna jambo ambalo mpaka leo asubuhi sikuwa nimemwambia mtu. Sikuwa nimemwambia mama, wala rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, wala mchungaji anayenisifu kila Jumapili. Ni hili: najua kupiga kinanda katika ufunguo mmoja tu.

Ufunguo wa C. Vibonyezo vyeupe basi.

Kwenye kinanda changu kuna kitufe tunachokiita transpozi. Mwimbaji akianzia juu, nakibonyeza mara mbili tatu, sauti yote inapanda, na vidole vyangu vinabaki palepale pa siku zote. Anayesikiliza anadhani nimehama. Sijahama popote. Kanisani kwetu hapa Mkonze tuna ngoma na kinanda, hakuna mpiga gitaa wa kuniuliza niko ufunguo gani. Miaka mitatu imepita hivyo.

Kinachonitia aibu zaidi ni kwamba nadharia naijua. Kitabu cha muziki cha maktaba ya shule nimekisoma mara mbili, na funguo zote kumi na mbili nimezichora nyuma ya daftari la Kemia. Mtihani wa kuandika ningefaulu. Vidole ndivyo havijasoma.

Sasa leo. Leo nimepiga kinanda studio kwa mara ya kwanza!

Kaka Amosi ni prodyuza anayejitegemea. Studio yake ni chumba cha uani kwake, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro ya zamani. Mwezi uliopita alisikia mdundo niliotengeneza kwenye kompyuta ya mjomba, akanitumia ujumbe: kuna kwaya inakuja kutoka Bahi, anahitaji mtu wa kinanda. Niliusoma ule ujumbe labda mara ishirini kabla ya kujibu "sawa kaka."

Wanakwaya waliingia saa tatu, kina mama kumi na kina baba wanne, wakisalimia "Mbukwenyi!" kwa sauti iliyojaza chumba kabla ya miili yao. Kigogo changu ni cha kuombea maji, nikaitikia kwa kunong'ona. Pamoja nao alikuwa Mzee Chilewa, mpiga gitaa la besi, ambaye enzi za ujana wake alipiga kwenye bendi za dansi. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba na kuniuliza nasoma kidato gani. Kidato cha tatu, babu. Akasema ana kofia inayonizidi umri.

Kwaya hii hairekodi kwa vipande. Kaka Amosi alijaribu zamani kuwavalisha spika za masikioni, wimbo ukafa. Wanafuatana kwa miguu, kwa kupiga kishindo chini, kwa hiyo wote lazima wawe chumba kimoja na wimbo uchukuliwe wote kwa mkupuo mmoja. Na hakuna anayewapa sauti ya kuanzia. Mama Yunisi, mwanzilishi wao wa nyimbo, anaanzia pale koo lake lilipoamkia siku hiyo. Vyombo vinamtafuta.

Akaanza. Nikamtafuta haraka: transpozi, mara tatu. Nikampata. Vidole vyangu vikakaa kwenye C na nikahisi mwili wote umepata joto.

Mzee Chilewa akainama sikioni kwangu. "Tuko wapi, mjukuu?"

"C, babu."

Sikukusudia kudanganya. Kwangu mimi pale ni C siku zote. Lakini alipopiga noti yake ya kwanza, chumba kizima kilikunja uso. Besi ilikuwa C kweli. Sisi wengine tulikuwa E flati, hatua tatu juu yake.

Nilijua hapohapo. Nilijua, na nikanyamaza.

Mama Yunisi akasimamisha wimbo. "Mzee, masikio umeyasahau Bahi?"

"Ameyaacha kwenye basi," akadakia mwingine. "Kondakta anayo."

Wakacheka. Yeye pia akacheka, akasema hapana, ni nyuzi, safari imezilegeza, kinanda cha umeme hakilegei. Akaanza kukaza. Kwa kuwa aliamini kinanda kuliko sikio lake, alikaza mpaka nyuzi zinifikie mimi nilipo, na mimi nilikuwa juu mno. Nilitazama vidole vyake vikizungusha vigingi vya kukazia nyuzi. Nilijiambia nitasema akimaliza. Nilijiambia nitamwambia Kaka Amosi pembeni.

Uzi ukakatika. Ulilia kama mlango wa bati.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Chilewa akaulaza mkono wake juu ya gitaa, akasema taratibu, "Amosi, nadhani nimezeeka. Masikio hayajawahi kunidanganya hivi. Mtafute kijana, mimi nitakaa nje niwasikilize."

Alikuwa ameshaanza kulivua gitaa begani.

Nikasimama. Mimi, ambaye darasani hujibu maswali kwa kuandika. Nikasema, "Babu, usitoke. Siyo wewe, ni mimi." Kisha yote yakamwagika, tena kwa kasi mno: kitufe, vibonyezo vyeupe, miaka mitatu. Nikasema nilijua tangu noti ya kwanza. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.



Mama Yunisi akapiga makofi mara moja. "Haa! Kumbe mkorofi ni huyu mpole!"

Mzee Chilewa akanigeukia. Hakutabasamu. "Umeniacha nikaze mpaka uzi ukakatika?"

"Ndiyo, babu. Nisamehe."

"Hilo la uzi limeniuma," akasema. Akatoa uzi mwingine kwenye begi na kuanza kuufunga. Alipofika katikati ya kazi, akatikisa kichwa. "Mtu ana nyumba ya vyumba kumi na viwili, analala sebuleni!"

Chumba kikalipuka kwa vicheko, na safari hii nilicheka nao huku machozi yananitoka.

Tukarudia. E flati, nikaitaja kwa sauti, kila mtu akasikia. Na hapo ndipo... sijui niandikeje. Kishindo cha miguu kilipita kwenye sakafu, kikapanda kwenye stendi ya kinanda mpaka viganjani mwangu. Besi ya babu ikaingia chini ya noti zangu kama mtu anayekuwekea kiti kabla hujaomba. Sikuwahi kupiga juu ya besi. Sikujua kwamba ndivyo inavyokuwa! Tulimaliza nyimbo mbili kabla ya chakula, na Kaka Amosi alipotuchezea kwenye spika, Mama Yunisi akaanza kucheza peke yake.

Umebaki wimbo wa tatu, tutaurekodi Jumamosi ijayo. Ubeti wa mwisho unapanda, unatoka E flati kwenda F, na ukibonyeza transpozi katikati ya wimbo sauti inakatika. Kaka Amosi alinieleza bila ukali: nikiona sitaweza niseme mapema, atafute mtu. Niligeuka kumtazama Mzee Chilewa. Alikuwa anakunja waya wake.

"Mimi nitakuja," akasema. "Mjukuu aseme mwenyewe."

Nilisema nitaweza. Sina hakika. Lakini safari hii wanajua kwamba sina hakika.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja, nikanawa vumbi, nikaweka kinanda juu ya kitanda na kurudisha transpozi kwenye sifuri. Nikaanza E flati kwa mkono wa kulia, polepole, nikikosea kila mara kidole cha nne kinapotafuta kibonyezo cheusi. Baada ya kama nusu saa mama akachungulia mlangoni na bakuli la mboga mkononi, akauliza mbona leo napiga kama mtu anayejifunza. Nikamjibu kwamba ndiyo, najifunza. Akaketi ukingoni mwa kitanda, nikamsimulia yote, pamoja na lile la uzi. Kisha nikarudia ule ubeti wa mwisho tangu mwanzo, naye akiwa amekaa palepale.