Bhoke, Rudi Upike Kwenye Jiko la Watu

Hapana Bhoke, laptop yako sijauza. Umekaa kimya tangu uende Mwitongo kwa shangazi, halafu meseji ya kwanza unaniuliza hiyo! Mdogo wangu, mimi nauzaga kava za simu, siuzagi vitu vya ndugu. Ipo hapa kibandani Nyasho, nimeifunika na kanga ya mama.

Ile siku ya Bunda hainitoki. Programu yako ya kukumbusha wamama chanjo za watoto ilikuwa inafanya kazi nyumbani mpaka mama anapiga vigelegele. Kule zahanati ukaiweka kwenye kompyuta yao, ikagoma. Yule bwana wa zahanati akacheka, "Binti, umetuletea picha ya chakula?" Nikatupia utani, hakuna aliyecheka. Kesho yake ukasema hushiki tena kompyuta, unaenda kulima mihogo. Wewe Bhoke, jembe unalishikaga kama simu!

Sasa sikia. Nyamhanga, yule mwenzako wa chuo, alipita hapa akaiwasha. Akasema humo ndani umejaza vidude, programu ndogondogo ulizojiwekea mwenyewe kipindi unasoma, na programu ilikuwa inaviazima kimyakimya. Bunda havikuwepo. Akaitengenezea kama chumba kitupu humohumo, isione hata kidude chako kimoja. Ikagoma palepale, ikaandika maneno yaleyale iliyoandika Bunda. Nikashangilia kama nimefunga goli, wateja wakanikimbia.

Maana nilikumbuka ule ugali wako wa Kitaji, kwa mama mdogo. Mama alipokuwa anakufundisha ugali alikwambia, "Kwangu unajua kila kitu kilipo. Nenda ukapike kwa mama mdogo." Ukarudi unalia, ugali mabonge, eti kule hukuuona mwiko. Safari ya pili ukabeba wa kwetu, umeuficha ndani ya kanga. Mama alicheka mpaka akakaa chini: "Haya, sasa unajua kupika."

Nacheka hivi, lakini naogopa. Mama bado anakupakulia. Tukimaliza kula, anarudisha chakula chako sufuriani. Na mimi utani unaniishia.

Tufanye hivi. Jumamosi njoo uijenge upya kwenye kile chumba kitupu, kila inachohitaji ibebe yenyewe. Halafu Bunda tunaenda wote. Ikigoma, nahamia Mwitongo mimi, nalima mihogo, wewe unauza kava. Ikikubali, unakaa mbele ya mama unamaliza ile sahani. Umekubali? Nibipu tu.

Ni mimi, kaka yako wa kava