Sifuri Niliyompa Holo

Mpendwa mama,

Nimebaki peke yangu ofisini hapa shuleni Kibuta, watoto wameshatawanyika. Kuna jambo limenipata wiki hii na sina wa kumsimulia ila wewe. Ni mwaka wa tatu tangu tukuzike kijijini kwetu Janga, lakini kila nikishika kalamu nyekundu nakuona umekaa mkekani na lundo la madaftari, miguu umeinyoosha, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

Unakumbuka uliponifundisha darasa la nne? Shuleni nilikuita mwalimu, nyumbani mama, na nilidhani hiyo ingenipatia vema za bure. Ulituuliza ipi kubwa, theluthi au robo. Nikaandika robo, maana nne inaizidi tatu. Hukuniwekea kosa. Uliandika chini yake: "Muhogo mmoja, mkigawana watatu au mkigawana wanne, lini utapata kipande kikubwa?" Nilinuna. Wenzangu walirudi nyumbani na alama, mimi nilirudi na swali. Nikaingia jikoni, nikakata muhogo kweli, nikaduwaa.

Hata aliyepatia ulimuuliza, "Umepitia wapi mpaka ukafika hapa?" Walimu wenzako walikuwa wameshaondoka, wewe bado uko na mtoto mmoja mnahangaika na hesabu moja. Nisamehe mama, niliona unachelewa bure.

Kwa hiyo mimi nikawa mwalimu wa haraka. Darasa langu lina watoto sabini na wawili. Vema, kosa, vema, kosa, lete daftari lingine.

Jumatatu niliwapa jaribio la kutoa. Holo, binti wa wafugaji waliohamia huku kutoka Shinyanga, alipata majibu yote. Holo yule asiyenyoosha mkono, ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaorudia darasa. Na chini ya maswali hakuandika njia hata moja, majibu matupu. Nikaandika "Umenakili", nikampa sifuri, nikamtumia baba yake ujumbe afike shuleni Jumatano.

Holo hakulia wala hakubisha. Alikunja daftari akakaa. Utulivu ule ndio ulionikosesha raha. Kesho yake wenzake walipotoka kwenda mapumziko nilimwita mezani, na maneno yaliyonitoka yalikuwa yako.

"Holo, mia nne na mbili kutoa mia moja sabini na nane. Ulipitia wapi?"

Akatazama sakafu. "Sikutoa, mwalimu. Nilipanda."

"Ulipanda vipi?"

"Kama ng'ombe. Wametoka sitini na nne, wamerudi arobaini na saba. Baba akiuliza wangapi bado, naanza na waliorudi. Watatu, wanafika hamsini. Kumi na wanne, wanafika sitini na nne. Bado kumi na saba."

"Na hii ya mia nne na mbili?"

"Mbili, inafika mia moja themanini. Ishirini, inafika mia mbili. Halafu mia mbili na mbili, inafika mia nne na mbili. Nikijumlisha hatua zote, mia mbili ishirini na nne."

Mama, nimefundisha kutoa kwa miaka kumi na moja na sijawahi kuona kwamba kutoa ni kupima umbali kati ya namba mbili. Mtoto huyu alikuwa akiutembea umbali huo kila jioni, na mimi nilimwita mwizi wa majibu.

Baba yake alifika Jumatano, mzee mrefu, ameacha fimbo yake mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Amefanya kosa gani?"

"Hajafanya kosa. Nimekosea mimi." Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha sifuri niliyoikata na maneno niliyoyaandika pembeni: Jibu ni sahihi. Andika njia yako, wenzako wajifunze.

Akapitisha kidole juu ya maandishi. "Sijui kusoma," akasema taratibu. "Lakini nina watoto sita, na hii ni mara ya kwanza naitwa shuleni kuambiwa jambo jema."

Jina la Holo nimelitoa kwenye ile orodha. Leo nilimpa chaki akawaonyesha wenzake ubaoni, kwa sauti ndogo. Alipomaliza hakurudi kukaa. Aligeuka akaniuliza, "Mwalimu, na ile njia yako ya kuazima kumi kwa jirani, kwa nini inaleta jibu lilelile?"

Njia ile nilikaririshwa, nami nikawakaririsha mamia.

"Sijui, Holo," nikasema. "Tutafute."

Watoto wakaanza kusogea mbele, mmoja mmoja, hata wale wa dawati la nyuma, wakaweka vijiti vyao vya kuhesabia juu ya meza yangu na kuanza kuvifunga kumikumi. Wengine walibishana, wengine walifungua mafungu na kuyafunga upya. Kengele ya kwenda nyumbani ililia, na hakuna aliyenyanyuka.

Mola akulaze pema, mama. Laiti ungewasikia wakifikiri.

Mimi mwanao,
mwalimu wa Kibuta