Magege Kwenye Kabati la Khanga

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitanifikia, lakini siwezi kuanza kukuandikia hivi hivi, kama mtu anayeagiza sukari kwa dereva.

Nianze na lile ambalo ungeuliza kabla hata hujavua viatu. Samaki wako hai. Wako ndani ya lile kabati la kioo ulilolitoa dukani, tukabaki tunapanga khanga kwenye maboksi ya sabuni na wateja wakitucheka. Ninaandika nikiwa kauntani. Wateja hakuna, upepo wa kiangazi umewafungia watu ndani, na kutoka hapa nilipokaa nawaona kupitia mlango wa nyuma wakizunguka kama wenye nyumba.

Nimekukasirikia sana, Baba. Niseme tu. Mtu mzima unatoa ahadi mbele ya familia nzima, unapaka lami maungio ya kabati la biashara pande mbili ili lisivuje, halafu unashikwa na homa ya mapafu na kutuachia pande mbili zilizobaki. Siku ya hitima watu walikuwa wanasoma na mimi nilikuwa naliangalia lile kabati limeegemea ukuta, brashi imekaukia juu yake. Nililia kwa sababu ya brashi. Wakadhani nalia kwa sababu ya kisomo.

Unakumbuka lilivyoanza. Bibi alipopandishwa kutoka bondeni kuja kuishi nasi, miguu ikiwa imekwisha kumkataa, hakulalamika juu ya baridi wala juu ya kelele za mjini. Alilalamika juu ya ziwa tu. Ulileta mzigo wa samaki wakavu kutoka Rukwa, akachukua mmoja, akamgeuza geuza, akasema, "Hawa wamekauka kama mimi. Nataka kuwaona wakiwa wanatembea." Nawe, kwa maneno yako makubwa, ukamjibu, "Mama, wewe huwezi kushuka, basi ziwa litapanda."

Mama alikuangalia kwa jicho lile lake. Alijua kabati limekwisha.

Na ile mara ya kwanza, Baba! Ulichukua pipa kubwa, ukajaza maji ya kisima, ukamwaga chumvi ya Ivuna, ukakoroga kwa mwiko wa ugali, ukaonja na kutangaza, "Hili ndilo Rukwa lenyewe!" Kisha ukamimina samaki wote uliokuja nao kwa mkupuo, debe zima. Jua halijazama wote walikuwa wameelea. Mama akawakaanga. Ukala wawili, ukasema angalau hawakuhitaji kutiwa chumvi. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Siku hizi nikikumbuka nacheka kidogo tu, halafu inabidi nitafute kazi ya kufanya.

Tulipokuzika, Bibi aliacha kula. Si kwamba aligoma. Ukimpa ugali anashika tonge, analikanda vidoleni, analirudisha sahanini. Uji anakunywa mafunda machache ili tusimsumbue. Aligeuza kigoda chake kikatazama ukuta, na kati ya wanawe aliyekuwa akimwambia ukweli bila kumwogopa ni wewe tu. Baba mdogo alimbembeleza, Mama alimbembeleza, masista wa misheni wakaleta dawa ya kuleta hamu. Alishukuru kwa Kifipa kwa adabu zote, chupa ikabaki imejaa.

Hapo ndipo nilipoamua. Nikajiambia, huyu mama aliahidiwa kitu na mwanawe, na kitu hicho atakiona kabla hajatufia mikononi.

Baba mdogo hakutaka kusikia. Sasa yeye ndiye anayeendesha lori lako, na duka analiangalia pia, na uso wake umekuwa wa mtu anayebeba vitu viwili kwa mkono mmoja. Akaniambia, "Zena, mama yako yuko edani. Siku eda ikiisha, wanawake wa mji mzima watakuja kumtoa. Sitaki wakute kabati la biashara lina matope. Siku hiyo linarudi dukani." Nikamjibu, "Sawa, Baba mdogo, lakini mpaka siku hiyo ni langu." Akaguna. Kwake kuguna ni kukubali, unamjua.

Nikamaliza lami mwenyewe. Nilijaza maji, nikayamwaga, nikajaza tena, hadi harufu ya lami ikaisha na nikionja sipati kitu ulimini. Halafu nikapanda lori na madebe matupu.

Sikuwahi kushuka ule mteremko bila wewe. Kwenye kona ile ambayo ulikuwa unapiga honi na kusema bismillahi kwa pamoja, Baba mdogo alipiga honi, na sote wawili tukasema bismillahi, kisha tukashuka mpaka bondeni. Ziwani wavuvi walinicheka wakashika mbavu. Binti wa mjini, mwenye duka, anachota maji na matope! Mmoja akauliza, "Huko juu kwenu Bomani Mzungu amekunywa visima vyote?" Nikamwambia, ndiyo, na sasa anataka na matope. Nikachota hivyo hivyo. Maji ya Rukwa, tope la Rukwa, mawe yenye utelezi wa kijani, majani ya pembeni. Nilikuwa nimeliona kosa lako, Baba. Ulileta samaki bila ziwa. Chumvi ya kupikia si magadi, na maji yaliyokorogwa asubuhi hayajawa nyumba ya mtu.

Sikuleta samaki hata mmoja safari ile. Ungekuwepo usingevumilia. Niliyaacha maji kabatini peke yake mpaka tope likatua chini na yakawa safi, mpaka vidudu vidogo vikaanza kuchezacheza kwenye majani. Watu wakaja kuona. Tarishi wa Boma akauliza kama ziwa letu lina kibali.

Safari iliyofuata nikarudi na samaki wawili tu, magege wadogo wa kiganja. Na hapa nikakumbuka kitu chako. Stoo kulikuwa na ule mpira wa ndani wa tairi la akiba, uliokuwa umeujaza upepo ukautumbukiza kwenye karai kutafuta pancha. Ulinionyesha mapovu yakitoka kwenye katundu kadogo, ukasema utakaziba kesho. Kesho yake ukaanza kukohoa. Mpira ulikuwa bado umening'inia pale, umelegea kidogo. Nikaziba katundu kwa solusheni, nikafunga mdomoni mwake ule mpira mwembamba wa kunyonyea petroli, nikaubana kwa uzi, ncha ya pili nikaitumbukiza kabatini. Mapovu yakaja, moja moja. Samaki wakasogea.

Ulikuwa ni upepo ulioujaza wewe, Baba, kwa mikono yako na pampu yako. Niliubana uzi zaidi ili utoke taratibu. Sikutaka uishe. Ulipoisha nilikaa chini ya kabati nimekumbatia mpira mtupu mpaka Mama akaniita. Ndipo nikachukua pampu.

Baridi nayo nimepigana nayo. Nimelivisha kabati magunia pande tatu, na kila asubuhi nachemsha maji, nayafunga ndani ya kopo la maziwa, nalisimamisha kwenye kona. Samaki wanaligombea lile kopo kama wazee wanavyogombea jiko.

Lakini nilikosea, nami nilikosea vizuri. Upepo huu wa kiangazi unakausha kila kitu, hata maji kabatini yakawa yanapungua. Kila yalipopungua niliongeza maji ya ziwa kutoka kwenye madebe ya akiba, kwa kujivuna kabisa, nikisema mimi siweki maji ya kisima kama Baba. Samaki wakaanza kuhema juu juu. Mmoja akafa. Nikaongeza tena maji ya ziwa. Yule wa pili akalala ubavu.

Aliyeniokoa ni Mama. Alitoka chumbani na nguo zake za eda, akachovya kidole kabatini, akalamba, akakunja uso. "Wewe mtoto, supu ikikauka jikoni unaongeza nini, maji au chumvi?" Hapo ndipo nikaelewa. Maji ndiyo yanayoondoka na upepo, Baba. Magadi yanabaki pale pale, nami kila siku nilikuwa nayaongeza mengine juu yake! Nikapunguza maji yale, nikaongeza ya kisima kidogo kidogo, yaliyopashwa moto, Mama akionja kama anavyoonja mchuzi wa Idi. Samaki akasimama. Tangu siku hiyo hakuna tone linaloingia bila ulimi wa Mama, na naona kazi hiyo imemtoa kitandani kuliko maneno yetu yote.

Nikapiga alama ya mkaa kwenye kioo, maji yakishuka chini yake naongeza. Nikaleta samaki mwingine. Nikasubiri. Nikaleta mwingine. Bibi muda wote ule alikuwa anatazama ukuta, na nilikuwa sijamwita. Sikutaka aje aone anayekufa. Kifo kimoja kilitutosha.

Eda ikakaribia kwisha. Siku moja Baba mdogo akarudi kutoka bondeni na debe moja ambalo hakuliweka nyuma na mizigo. Utingo wake ndiye aliyelipakata pale mbele. Akalitua mlangoni, akasema, "Limejileta," akaenda kunawa. Ndani mlikuwa na magege mmoja mkubwa kuliko wetu wote. Utingo akaniambia mlimani walisimama mara kwa mara, Baba mdogo akishuka kukoroga maji kwa mkono ili samaki apate hewa. Nilimkorogea Baba mdogo chai yenye tangawizi nyingi.

Yule samaki nikamwingiza taratibu, debe limeelea ndani ya kabati kwanza ili azoee. Akaenda kujibanza nyuma ya jiwe. Hakula. Nikampa pumba, hakula. Nikamtafutia funza, hakula. Mashavu yake yalikuwa yamevimba, na kidevu kimeshuka kama mtu mwenye jino bovu. Siku zikaenda, wenzake wanakula, yeye anatazama chakula kinapita. Niliujua ugonjwa wake, Baba. Nilikuwa na mgonjwa mwingine kama huyo sebuleni.

Hapo nguvu ziliniisha. Wanawake walikuwa wanakuja keshokutwa yake, Baba mdogo alikwishapima mahali pa kurudishia kabati. Nikasema, basi, hata akifa, Bibi amwone akiwa bado anatembea. Nikambeba na kigoda chake. Amekuwa mwepesi, ungeshtuka. Nikamkalisha mbele ya kioo, nikamwonyesha wale wadogo wanaozunguka, nikamwambia, "Bibi, ziwa ndilo hili. Baba alisema litapanda. Samahani, yule wa nyuma anaumwa, hali."

Bibi akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Akakaa hivyo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Nani amekwambia huyu mgonjwa?" akasema. "Ana watoto mdomoni. Magege ndivyo alivyo, anawabeba mdomoni mpaka wapate akili. Atakula nini na mdomo umejaa watoto? Mwache."

Hakurudi ukutani. Alikataa kuondolewa pale, akalala mchana palepale kwenye kigoda akiegemea magunia. Na ilipokuwa kesho yake, jua likiingia dirishani, akaniita kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu uondoke. Nilikimbia na kibaba cha chumvi mkononi, nikamwacha mteja. Samaki alikuwa amefungua mdomo, na vitoto vinatoka, vidogo kama mbegu za ulezi zenye macho, wingu zima, vinazunguka kichwa cha mama yao. Mama akaja. Baba mdogo akaja. Bibi akagonga kioo kwa ukucha, ta! Vyote vikageuka, vikakimbilia mdomoni, mdomo ukafungwa.

Tukapiga kelele kama watoto. Bibi hakupiga. Aliuangalia ule mdomo uliofungwa, akasema polepole, "Wangu mimi alitoka. Nimegonga, nimegonga, hajarudi."

Halafu akalia, Baba. Hakuwahi kulia tangu mazishi, hata tone. Baba mdogo alipiga magoti akamshika miguu, nao wakalia pamoja, na mimi na Mama, na huko dukani yule mteja wa watu anauliza kama chumvi yake inakuja. Bibi alipomaliza alijifuta kwa ncha ya khanga, akaniambia, "Zena, songa ugali. Na usinipe samaki leo, mbele ya hawa si adabu."

Alikula. Nilimtazama tonge kwa tonge mpaka akaniuliza kama namdai.

Wanawake walikuja, wakamtoa Mama, wakaimba. Kabati lilikuwa palepale. Baba mdogo, aliyesema hataki wageni waone matope, alisimama kando yake siku nzima akiwakemea wasiguse kioo, akiwaeleza mambo ya magadi kana kwamba yeye ndiye aliyeyagundua. Fundi seremala ameanza kututengenezea kabati jingine la khanga, la mbao.

Sasa nikuage, maana nasikia pampu tunayopokezana imenyamaza na ni zamu yangu. Nakuahidi haya. Vitoto vikikua kabati halitavitosha, nami nitavishusha ziwani mwenyewe, tukipita kona ile nitapiga honi na kusema bismillahi kwa ajili yako. Bibi anasema atakwenda nami, abebwe au asibebwe. Mama ataendelea kuonja. Brashi yako nimeiosha. Na ule mpira wako uko kazini, asubuhi na jioni.

Pumzika, Baba. Upepo nitajaza mimi.

Mwanao,
Zena