Seva Hewa Nane

S.L.P. 1127,
Nakuru.
12 Aprili 2008.

Mpendwa ndugu yangu Khisa,

Pokea salamu zetu sisi wa Nakuru. Joto la Doha linakuachia hata nafasi ya kupumua? Na wifi yangu Eucabeth, ule mgongo umepoa? Huku tuko wazima. Mama amerudi kutoka Kimilili akitembea vizuri, na Bravin wangu ameng'oka meno mawili ya mbele lakini bado anabishana na kila mtu.

Usishangae kupata karatasi badala ya barua pepe. Juma hili nimekasirika hadi sitaki kuona kompyuta. Hii nimeianza mara tatu. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi. Wacha nikueleze.

Unajua kampuni yetu ya chakula cha mifugo ina matawi nane, na kila tawi lina seva yake, ile kompyuta inayotunza rekodi zote. Baada ya yale machafuko ya uchaguzi ya Januari, Hitesh, mtoto wa mwenye kampuni, aliamua seva zote zihamie Nakuru, zikae ndani ya mashine mbili tulizo nazo hapa. Inawezekana. Kuna programu zinazoigawa mashine moja ikafanya kazi kama nyingi. Akaniambia nizilinganishe, niandike ripoti kwa Kiswahili, kwa sababu anayetia sahihi ni mama yake, Mama Manju, na Kiingereza kinamchosha.

Niliifanya kazi hiyo kwa roho yangu yote. Ile ya Microsoft bado ilikuwa kwenye majaribio, nikaiweka kando. Zikabaki VMware ya leseni na Xen ya bure. Xen niliipenda, sikufichi. Lakini ili ibebe Windows inataka prosesa za kisasa, na mashine zetu ni za zamani. VMware inabeba Windows hata juu ya hizo kuukuu. Nikaichagua hiyo.

Shida ikawa neno. "Virtual", yaani seva iliyo kazini lakini haishikiki, utaiitaje kwa Kiswahili? Nilijikuna kichwa nusu siku, nikaandika "seva hewa nane". Tena nikajiona mjanja!

Kumbe zamani Mama Manju aliibiwa na karani aliyejaza wafanyakazi hewa pale ghala la Rongai, watu wasiokuwepo wakilipwa kila mwezi. Alipoona hewa nane kwenye ripoti yangu hakusoma zaidi. Aliniita mwizi mbele ya watu wa mapokezi, akaamuru ninyang'anywe funguo. Khisa, nimefanya kazi pale miaka sita na sijabeba hata kalamu. Nililia chooni kama mtoto.

Nilikaa nyumbani siku tatu, nikipiga deki sakafu ambayo ilikuwa safi. Alhamisi Hitesh akanipigia nikajieleze. Mama Manju alikuja chumba cha seva mwenyewe, mkoba kwapani, akasema anataka kuiona hiyo hewa ikifanya kazi. Seva ya Subukia nilikuwa nimeshaiingiza kwenye mashine ya kwanza kwa majaribio. Nikampigia Chepchirchir, anayeuza kule, nikaacha simu kwenye spika. Nikaihamishia mashine ya pili bila kuizima, halafu nikamwomba Mama Manju azime ya kwanza kwa kidole chake. Akazima. Nikamuuliza Chepchirchir kama kuna kilichokwama.

"Nauza tu, Nerima. Kuna mzee hapa anataka dairy meal ya ng'ombe wake wa maziwa, ngoja nimalize."

Mama Manju aliniomba msamaha, tena mbele ya walewale wa mapokezi. Alinirudishia funguo mkononi. Akasema niandike upya ripoti aipate Jumatatu, na kwamba kuanzia sasa nikiandika yeye atatia sahihi tu. Nilifurahi, nakwambia, hadi akageuka mlangoni.

"Seva zikija hapa zote, hao watu wa seva huko matawini ni wa nini tena?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Kule Rongai mtu wa seva ni Makokha. Januari, wenzake walipokimbia, yeye aliing'oa seva, akaifunga ndani ya gunia la pumba, akaisukuma kwa mkokoteni mpaka kituo cha polisi. Kitu cha kwanza alichoniuliza kwenye simu ni kama vumbi la pumba linaweza kuiharibu.

Mashine zetu mbili zinabeba seva nane bila taabu. Nimepima mara nne. Jumatatu nitaandika kwamba nimepima upya na zinabeba tatu tu, zile tano zibaki zilipo pamoja na watu wake, Rongai ikiwemo. Baada ya fujo hii Hitesh hataki tena kusikia habari za seva. Mama yake hatasoma. Nilipoandika ukweli niliitwa mwizi, na sasa ndiyo mara ya kwanza nitamdanganya, naye ameniamini.

Barua hii haitakufikia kabla ya Jumatatu, kwa hivyo sikuombi ushauri. Nataka tu awepo mtu mmoja anayejua.

Mama anawasalimu sana, na Bravin anauliza kama huko kuna ngamia wa kupanda. Msalimie Eucabeth, umwambie asiinue vitu vizito. Mungu awalinde hapo ugenini na awarudishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Nerima