Picha Nyeusi Chini ya Blanketi

Lisekese, Jumamosi, Novemba

Sijatulia. Fundi wa Masasi mjini aliyeniuzia laptop hii ya mtumba amenipa hadi kesho kuirudisha. "Mwalimu, weka picha nyeusi tupu, ukae gizani. Kioo kikivuja mwanga utauona."

Mchana nikafunga mlango na madirisha. Kioo kikajaa vidoa vyeupe. Nilipoigeuza laptop, vidoa vikahama. Kumbe ni mwanga wa matundu ya misumari kwenye bati letu.

Nikajifunika blanketi, mimi na laptop. Mume wangu akaingia.

"Mama Neema, unaumwa?"

"Napima kioo."

Akaingia naye humo. Mwanga ulivuja kwenye kona moja tu, mdogo kama ukucha.

"Hiyo si kitu," akasema. Tulipotoka akatazama juu, kwenye matundu. Hela ya korosho ilikuwa ya bati jipya, mimi ndiye niliyeomba laptop kwanza. Nikiirudisha kesho, bati tutanunua. Lakini…

Sasa radi inanguruma upande wa Newala. Kitandani kwetu ni upande mmoja tu usiovujiwa, anaolala yeye. Laptop ameilaza hapo mwenyewe, akasogea penye ndoo ya kukinga matone.